Zamu ya Maji

Les Tolhurst alikuwa na mdomo ambao hata Mjerumani hakuweza kuufunga. Risasi ilimvunja paja, akaletwa hospitali Uingereza, na humo wodini akawa anawachekesha hata wale waliokatazwa kucheka wasije wakafumua nyuzi. Ila siku aliyokuja Bi Prideaux wa Msalaba Mwekundu, yule anayepita kitanda hadi kitanda akiulizia askari waliopotea, Les alijifunika blanketi gubigubi.

"Huyu amelala," alisema humo humo ndani.

"Na anaongea usingizini," alijibu yule mama, akavuta kiti. "Namtafuta Clarrie Venning wa kombania yenu. Miaka kumi na tisa. Alipotea vitani Pozières, kule Ufaransa, mwezi wa saba. Mama yake huko Australia ameandika mara nne."

Les akanyamaza. Wodi nzima ikageuza shingo, maana Les kunyamaza si jambo la kila siku.

"Hakupotea," alisema mwishowe, akifunua uso. "Amekufa. Nilimwona kwa macho yangu. Alikwenda kuteka maji, kombora likamkuta njiani na madebe yake. Hapakubaki cha kuzika, mama."

"Ilikuwa zamu yake?"

Hapo ndipo penye mwiba. Zamu ilikuwa ya Les. Asubuhi ile makombora yalinyesha tangu alfajiri, na maji yaliyobaki handakini hayakutosha kulowesha ulimi. "Turushe peni, mwanangu," Les akamwambia Clarrie. "Akitokea mfalme, unakwenda wewe." Peni yenyewe, sarafu ya shaba, ilikuwa na kichwa cha mfalme pande zote mbili, fundi mmoja wa Cairo aliichonga, na kwayo Les alishawamaliza wenzake sigara. Clarrie, aliyetapika safari nzima ya meli kutoka Sydney bila kukosa zamu hata moja, akayabeba madebe. "Bahati yako inanuka, Les," alisema akicheka. "Nikirudi narusha mimi."

"Alijitolea," Les akamwambia Bi Prideaux. "Zamu ilikuwa yangu, akasema pumzika, ndugu. Andika hivyo. Mama yake atajivunia."

Bi Prideaux hakuandika. Alitoa barua mkobani, akasoma taratibu: "'Tulipoagana kituo cha treni nilimwapisha asijitolee kwa lolote. Akiamriwa, aende, lakini asinyooshe mkono. Niambieni tu kama alitimiza. Kama alinyoosha mkono, basi aliniacha kwa kupenda kwake.'"

Les alidhani anamvisha marehemu shada, kumbe anamchongea kwa mama yake.

"Futa," alisema.

"Sijaandika bado."

"Basi andika. Hakunyoosha mkono. Nilimdanganya." Akaeleza yote, peni, fundi na mfalme, bila mzaha hata mmoja.

Kalamu ya Bi Prideaux ilipofika mwisho ikasita. "Jina lako si lazima. Naweza kuandika 'mwenzake' tu."

"Mwenzake?" Les akatikisa kichwa. "Andika Tolhurst. Leslie Tolhurst. Na hospitali hii uitaje, akitaka kunilaani barua isipotee."

Mama yule akaandika, akakunja karatasi, akaenda zake. Les akamgeukia jirani yake, Alf Pridham, mwenye mbavu mbili zilizovunjika, aliyekuwa akimsihi tangu Jumatatu aache kumchekesha.

"Alf," aliita. "Alf, kaka."

Alf, aliyesikia yote, aligeuka kwa shida, mbavu zikimuuma, akampa mgongo, akalala akitazama ukuta.