Shika Tu, Usivute

Mimi Marcellin nina mikono mibaya. Nasema mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, maana watu wa hapa kijijini Wamaza wakishika habari hawaiachi mpaka ioze. Lakini kwa miaka kumi na tisa nilidhani ni mikono mizuri kuliko yote katika eneo zima la Kabambare, na hakuna aliyenibishia.

Kukanda nilijifunza Salamabila, kwenye migongo ya wachimba dhahabu. Mchimbaji anatoka shimoni amejikunja. Unampaka mawese ya moto, unambonyeza kwa goti, unamvuta, analia, kisha anasimama wima na kukushukuru. Nikaamini kwamba kilio ndicho dawa yenyewe. Niliporudi nyumbani kulima, timu yetu ya mpira ikanifanya mkandaji wake, na kila aliyeteguka aliletwa kwangu. Dawa ya moto ni moto, nilikuwa nawaambia, nao walicheka huku wakiuma meno.

Hervé ni mtoto wa dada yangu Léocadie. Ana miaka ishirini na miwili na anacheza pembeni kushoto. Nikisema anajua kukimbia msidhani namsifu kwa undugu. Hata wapinzani wetu wa Lusangi, ambao kusifu hawajui, wanamsifu. Mwezi wa pili mwaka huu, akipiga mpira kwa upande wa ndani wa mguu, aliinama ghafla na kushika kinena. Hakuanguka. Alitoka uwanjani akitembea kama mtu aliyevaa suruali ya mdogo wake.

Kinena si mahali pa kutajwa mbele ya mama. Alimficha Léocadie wiki mbili, akanificha mimi wiki moja. Mficha uchi hazai, nikamwambia, lete mguu. Akauleta.

Kila Jumapili baada ya misa nilitandika mkeka, nikampaka mawese, nikaushika mguu wake wa kushoto na kuuvuta nje, mbali na mwenzake, huku kiwiko changu kikibonyeza ndani ya paja. Alitoka kwangu akichechemea. Ikifika Alhamisi alikuwa na nafuu kidogo, na Jumapili nikaanza upya. Tulikwenda hivyo miezi mitatu na nusu. Katika ukoo wetu mjomba akikushika hujitoi mkononi mwake, hata kama una ndevu, hata kama una watoto. Mjomba ni mama mwenye ndevu, ndivyo tulivyolelewa.

Mwezi wa sita hakuweza tena kukimbia hata kumfukuza kuku. Mashindano ya Kabambare yalikuwa mwezi wa tisa, na sisi bila Hervé ni watu kumi tu wanaotembea uwanjani. Hapo kila mtu akawa daktari. Salamabila wanaume wengi wamepasuliwa erni, yaani ngiri, kwa sababu ya kubeba magunia ya mawe, hivyo kwetu mwanaume akishika kinena, basi ni erni, hakuna mjadala. Léocadie akafunga sufuria ya kumpikia mgonjwa na kitenge cha kujifunika, tukaondoka kwa pikipiki mbili kwenda Kasongo, mtoto akapasuliwe.

Hervé alishindwa kupanua miguu kwenye kiti cha pikipiki. Akakaa upande, kama bibi arusi, safari ya kutwa nzima, na kila kijiji tulichopita walimpigia vigelegele. Alicheka nao. Mimi sikucheka, nilikuwa nawaza kisu.

Hospitalini daktari alimsimamisha, akamwambia akohoe, akabonyeza, akamwambia akohoe tena. Kisha akasema hakuna erni. Nilikasirika. Mtu amekula vumbi tangu alfajiri, anaambiwa ugonjwa wake haupo! Daktari akatuelekeza chumba cha nyuma, kwa kine, ndivyo wanavyomwita mtu wa kurudishia viungo nguvu kwa mazoezi. Nilidhani nitamkuta mwanaume mwenye mabega. Nikamkuta Émérance, dada mfupi mwenye raba za bluu, ambaye mikono yake isingeweza kukanda hata unga wa maandazi.

"Lala mugongo," akamwambia Hervé. "Kunja magoti."

Akaweka ngumi yake katikati ya magoti mawili. Basi, ngumi tu.

"Kaza. Kaza sawa unataka kunivunja."

Hervé akakaza. Uso ukambadilika, akapiga kelele na kugusa kwa kidole kimoja pale paja linapoanzia, kwenye mfupa.

"Apa! Njo apa apa, kila siku!"

Nilisimama. Miezi mitatu na nusu nilikuwa nautafuta uchungu ule kwa kiwiko, nikizungukazunguka paja zima, na huyu dada ameupata kwa ngumi moja, bila mafuta, bila kuvuta. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeuonyesha.

Émérance akanigeukia. "Papa, umeshachinja mbuzi?"

"Mingi sana."

"Pale paja inashikana na mufupa ya mbele, kuko mushipa mweupe, mugumu, kisu inakataa kupita. Unaujua?"

"Naujua."

"Ule njo uko mugonjwa. Ule njo unarudishaka muguu ndani kila mara anapiga balo ku uwanja, kila mara anageuka. Umechanika kidogo pale unashikana na mufupa, na kazi haikuacha. Hauna nguvu ya ile kazi."

Nimekata mapaja ya mbuzi maisha yangu yote. Nimeulaani ule mshipa mara ngapi, nimenoa kisu kwa ajili yake, na haikunijia hata siku moja kwamba mimi nami ninao, na kwamba ndio unaomrudisha mwanadamu katikati kila anapokwenda upande. Nilijishika paja langu mbele ya yule dada, nikasahau adabu, nikautafuta. Ulikuwepo, mgumu kama kamba ya kufungia kuni.

"Sasa niambieni," akasema Émérance. "Nani anavutaka hii muguu? Naona alama ya kubonyeza."

Hervé akatazama ukuta. "Hakuna mutu."

Mimi nami nikatazama ukuta. Ukutani hapakuwa na kitu.

"Mutu akiendelea kuivuta, ule mushipa unachanika tena kila wiki. Hautapona. Atasahau balo."

Neno moja tu lingetosha, na sikulisema. Wanaume wa umri wangu wamekiri mambo makubwa zaidi mbele ya padri, lakini mbele ya dada mwenye raba za bluu ulimi wangu ulikuwa jiwe.

Alitupa mazoezi. Kwanza Hervé alale chali akaze mpira katikati ya magoti, ahesabu kumi, aachilie, arudie. "Ikiuma kidogo sawa pilipili ya mboga, endelea. Ikiuma sawa siafu, acha." Asilale kitandani siku nzima, asikimbie bado, atembee. Kisha akaniangalia tena, wala sijui alijua nini. "Kuanzia wiki ya tano, mujomba njo atakuwa anamushika muguu. Lakini shika tu, usivute."

Watu wa Wamaza walimcheka mpaka wakachoka. Kijana mwenye mbio kuliko wote amelala nyuma ya nyumba na mpira katikati ya magoti! "Hervé, yayi itatoa kifaranga lini?" wakamuuliza. Jumapili zilipofika niliwaambia watu mikono inaniuma, sikandi. Huo nao ulikuwa uongo.

Wiki ya tano akalala ubavu kwenye majani, akajiinua kwa kiwiko. Nikasimama nyuma yake, nikaushika mguu wake wa juu usawa wa kiuno changu, mkono mmoja gotini, mmoja kwenye kifundo. Nikatulia, na kutulia kulinishinda kuliko kukanda. Kisha akajivuta. Mguu wa juu ukanikandamiza viganja, kiuno chake kikaacha ardhi, mguu wa chini ukapanda wenyewe ukaungana na mwenzake, na kijana wa kilo sabini akawa hewani, ameshikiliwa na kiwiko chake na ule mshipa mweupe.

Niliuona ukijikaza chini ya ngozi. Ulitetemeka, ukakataa kukatika, ukamshusha taratibu. Nikasema "Ee Mungu wangu" kwa sauti, na Léocadie aliyekuwa anapepeta mchele akaacha ungo na kuja mbio akidhani pameharibika kitu. Sikuweza kumweleza. Miaka kumi na tisa niliponda nyama za watu nikiamini nguvu inatoka kwangu inaingia kwao, kumbe ilikuwa imekaa humo siku zote. Ilitaka kupewa kazi kidogo kidogo, na mjinga mmoja akae kando asiiharibu. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa kama mtu aliyeingia kanisani na viatu vya tope.

Siku ile alijiinua mara tatu. Mwezi mmoja baadaye, mara kumi na mbili kila upande. Mwezi wa nane akaanza kukimbia, kwanza moja kwa moja, halafu kwa kugeuka, halafu akapiga mpira.

Kabambare tulipangiwa timu ya Salamabila, wote wachimbaji, vifua kama milango. Dakika za mwisho mpira ulikuwa unatoka nje, na Hervé akaurukia kwa mguu wa kushoto. Mguu ulikwenda nje mbali, mbali kuliko nilivyowahi kuuvuta mimi, na nikafunga macho. Nilipoyafungua alikuwa ameshainuka na anakimbia nao. Tulitoka sare. Watu wetu walinung'unika, mimi nilikuwa namtazama Hervé akitoka uwanjani bila kuchechemea.

Émérance alikuwa amesema mazoezi hayaachwi hata mtu akipona. Kwa hiyo juma lililofuata tulikuwa tena kwenye majani, amejiinua, mguu wake mikononi mwangu, na neno likatoka.

"Hervé, ile siku ku Kasongo yule dada aliuliza nani anavutaka muguu. Ni mimi nilikuwa nakuharibu. Na nilinyamaza."

Alimaliza hesabu yake kwanza, akashuka.

"Nilijua, Mujomba. Tangu Jumapili ya pili nilijua ile kuvuta njo inaniharibu."

"Na ulikuwa unarudi?"

"Nilikuwa narudi."

"Juu ya nini?" Nilimfokea, utadhani yeye ndiye aliyenikosea.

"Ulikuwa unakanda na huku unaniombea kwa Mungu, polepole, unafikiri sisikii." Akafuta jasho. "Nikasema, muguu hata ikikufa, niko na ingine. Mujomba niko na mumoja tu."

Kisha akageukia ubavu wa pili na kuninyooshea mguu, nami ilinibidi nifute macho kwanza ndipo niushike.