Swali la Waliozaliwa Hai

…na sakafu ni udongo, ndiyo, si anaiona mwenyewe, kakalia kigoda juu yake huyu binti Julia aliyetumwa toka Masasi na makaratasi yake, redio hatuna, choo cha shimo, na maji mnachota wapi Mama Safari, bondeni, kwenda na kurudi nusu siku, anaandika, anasema serikali inataka kulinganisha mkoa na mkoa, ijue kwa nini watoto wa huku wanakufa kuliko wa kwingine, nami nikawa natikisa kichwa kama anazungumzia watu wengine, mpaka alipogeuza ukurasa, "Umewahi kuzaa mtoto aliye hai, hata akilia tu, kisha akafariki?" na kabla sijavuta pumzi mama mkwe wangu, Bi Siti, akajibu kutoka kwenye mihogo anayomenya, "Hakuna. Ana wawili, wote wapo, andika wawili"… kwa nini ajibu yeye, nimeulizwa mimi… mwaka ule Safari hajazaliwa, kiangazi, tumbo limefika hapa, naye Bi Siti akasema ndoo moja haijawahi kumuua mwanamke, nikateremka, nikapanda, uchungu ukanikuta mlimani, na zahanati ndiyo walikuwa wameanza kusema uje na glovu zako, uje na wembe wako, hatukuwa navyo, nikazalia chumba hichihichi, msichana, vidole virefu, halafu mwili wake ukawa moto, akakataa ziwa, hata maji ya kumpangusa tuliomba kwa jirani… wakubwa wakaniambia huyo hajatolewa nje, hajapewa jina, usimlie, hahesabiwi, nikanyamaza, na Bwanali, mume wangu, aliporudi toka kuuza korosho Newala hakuuliza, nami sikusema, tukalala… "Mama Safari? Niandike hakuna?" kalamu iko juu ya karatasi, nikiitikia tu tunahamia swali la chandarua, na makaratasi yatafika Mtwara, yatafika Dar es Salaam, yatasema nyumba hii Chilangala ni shwari, wakitafuta pa kuchimba kisima watapita mbali… lakini sisemi kweli, Mungu anaona, si kisima, nataka tu awe mahali, hata kwenye kijumba kimoja cha karatasi, "Mmoja," nikasema, sauti kama ya mtu mwingine, "yuko mmoja, wa kwanza, msichana," na sikuthubutu kugeuka upande wa mihogo, sasa atanirukia, sasa ataniita mwongo mbele ya mgeni, na Julia, "Pole, mama. Aliishi muda gani?" najua, najua hata ilikuwa saa ngapi, lakini natazama mikono yangu tu, Julia anangoja, nje kuku wanaparura… "Siku sita," akasema Bi Siti, polepole, bila kuinua uso, "na ya saba ilikuwa imeanza, alfajiri," na kalamu bado iko juu ya karatasi, haijaandika, na mimi miaka yote hii nilidhani nahesabu peke yangu.