Wamesema Sina Uambukizo

Ami Abdulghani aliwaketisha wote sebuleni kwake Likoni, akafunga mlango, kisha akamgeukia Intisar kama kadhi. Shtaka lilikuwa moja: amemnyima mume haki yake, akakimbilia kwa mamake. Likithibiti, atarudishwa kwa Sufyan, mumewe aliyeketi papo hapo, jioni ile, alale naye, mambo yaishe.

"Hospitali wamesema huna ugonjwa, mwanangu."

"Wamesema sina uambukizo, ami. Ugonjwa ninao."

Miaka mitatu ya ndoa alikuwa akiungua ukeni kama aliyepakwa pilipili. Hata kuketi kulimuuma. Maduka ya dawa aliyakumbuka yote, Likoni hadi Mtongwe: dawa ya fangasi, tena dawa ya fangasi, hakuna aliyepima, hakuna aliyeuliza swali la pili. Mwanamke akiumwa huko chini ana fangasi, au ana jini, au ana bwana mwingine. Basi.

Bi Mwanatatu, somo yake aliyemfunda alipoolewa, akamsogelea, akamnong'oneza. "Shabu ya kujioshea umetumia?"

"Nimetumia, somo. Na udi nimejifukiza. Pakazidi kuwaka," akajibu kwa sauti.

"Yarabi! Mbele ya wanaume?"

"Si wao walioniita?"

Ami akakohoa. Intisar hakunyamaza. Akawaeleza daktari wa Mikindani alivyomgusa mlangoni mwa uke kwa kijiti cha pamba, taratibu kama anayempangusa mtoto jicho, naye akaruka kitandani. Huyo ndiye wa kwanza kupatambua mahali penyewe. Mishipa ya fahamu pale imekuwa mikali, alimwambia; misuli nayo hujikaza kujikinga, maumivu yakazidi. Aache sabuni, shabu na moshi. Apake dawa ya ganzi, afundishwe mazoezi ya kuilegeza misuli. Na asiingiliwe akiwa anaumwa.

"Mpaka lini?" ami akauliza.

"Hakuahidi. Wengi hupata nafuu, ila polepole."

"Ah! Dawa gani hiyo isiyo na mwisho? Sufyan, mchukue mkeo mwende zenu."

Sufyan alikuwa akilitazama zulia. "Alikuwa akinambia anaumwa," akasema. "Nikadhani hanitaki tu." Akamgeukia ami. "Simchukui hivyo, ami. Intisar, huyo daktari... nami naweza kwenda?"

"Kesho saa tatu," akamjibu. Hakumshukuru. Ashukuriwe kwa lipi, kwa kuamini leo alichoambiwa miaka mitatu?