Moyo Uliotangulia Hospitali

Asubuhi moja ya mwaka 1986, Polikarpi alikuwa akianika kahawa nyumbani kwake Mabira, maumivu yalipomkaba kifua na kushuka mkono wa kushoto. Akaketi mkekani. Jasho likamtoka kama mtu aliyenyeshewa.

Mkewe, Nyirabageni, aliwaita majirani, wakaja na machela. Hospitali ilikuwa mwendo wa saa tisa kwa machela, saa tatu kwa baiskeli.

"Mama Fidele, sitafika," alisema Polikarpi.

"Wewe hufiki. Moyo utafika."

Akamfungua vifungo vya shati, akautoa moyo, akaufunga kwa jani la mgomba lililobabuliwa motoni lisipasuke, akauweka kikapuni. Byabato, jirani mwenye baiskeli, akampakia Nyirabageni na kikapu chake. Polikarpi aliwaambia wabebaji wa machela wasijichoshe. Haraka ilikwisha kutangulia.

Hospitalini, muuguzi Costansia alifunua kikapu.

"Shikamoo mama. Ana miaka mingapi?"

"Marahaba. Hamsini na miwili. Mwili uko njiani."

"Mmefanya vizuri. Wengi huja mwili na moyo pamoja, wakachelewa."

Daktari aliona mahali damu ilipoganda, akauchoma moyo sindano, akaulaza kwenye sinia safi. Kufikia saa nane mchana ulikuwa ukidunda sawasawa. Nyirabageni alikaa kando yake akiufukuzia nzi.

"Daktari, kwani gari la wagonjwa liko wapi?"

"Limebeba ndizi za mkuu wa hospitali. Hubeba kila Jumanne."

"Leo si Alhamisi?"

"Na Alhamisi."

Jioni machela iliwasili. Polikarpi aliupokea moyo wake, akaurudisha mwenyewe, akafunga vifungo, akaomba uji. Alikunywa vikombe viwili, akamshika mkewe mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi yao.

Mwezi uliofuata kibao kilitundikwa hospitalini: MIOYO IPOKELEWE DIRISHA LA PILI. WENYEWE WASUBIRI NJE. Mkuu wa hospitali alipongezwa kikaoni kwa kuharakisha matibabu, akarudi nyumbani na gari, mikungu ikining'inia nyuma.

Wanawake wa Rugu na Nyakasimbi walianza kuja Mabira kujifunza namna ya kuchagua jani na kufunga kifurushi kisivuje. Polikarpi aliwamenyea ndizi, akawapikia. Nyirabageni aliwafundisha kwa furaha mpaka kila mmoja akaweza, na hakuna aliyeulizia gari.