Safu ya William Jones

Dilys Pugh, jirani wa ukuta mmoja na Tegwen, anadai kwamba akina Jones wote wa bonde la Nant Eirin walitoka kiunoni mwa mtu mmoja. Mtu huyo, kwa maneno ya Dilys, alivuka mlima katika mvua ya siku tisa, akiwa na ng'ombe aliyevunjika pembe, Biblia iliyolowa, na mke ambaye hakuwa ameacha kulalamika tangu waondoke kwao. Walipofika chini bondeni ng'ombe akalala, mke akakaa juu ya jiwe akaapa kwamba haendi tena hata hatua moja, na William Jones akamshukuru Mungu kwa kumwonyesha pa kuishi. Akazaa watoto kumi na wanne. Hao nao wakazaa wakajaza bonde, wakafurika hadi machimbo ya makaa ya mawe kule kusini, wakavuka bahari hadi Amerika na nyika za Patagonia, na kote huko wanaitwa Jones hadi leo.

"Kwani ulikuwepo?" Tegwen aliwahi kumuuliza.

"Sikuwepo, lakini bibi yangu alimjua mtu aliyemjua yule ng'ombe."

Jina lenyewe lilikuwa limekwisha kazi zamani. Mtu akisimama mlangoni pa posta akaita "Jones!" wangegeuka watu thelathini na mbwa mmoja. Kwa hiyo watu waliitwa kwa shughuli zao. Palikuwa na Jones Mkate, palikuwa na Jones Barua, na Jones Maiti aliyetengeneza majeneza. Palikuwa pia na Jones Amina, aliyesinzia kila ibada na kuzinduka kwa "Amina!" mchungaji akiwa bado katikati ya sala. Bibi yake Tegwen aliitwa Hannah Baruti, kwa kuwa marehemu mumewe Ifan ndiye aliyekuwa akilipua miamba kule machimboni.

Bibi Hannah alikuwa na miaka themanini na minne, na moyo wake, alivyosema daktari, ulikuwa ukitembea kwa magongo. Hakuogopa kufa. Aliogopa kuzikwa vibaya. Makaburi ya nyuma ya kanisa yalikuwa yamejaa, na halmashauri ilikuwa imefungua mapya kando ya barabara kuu, karibu na kituo cha petroli.

"Nilale na malori yakinguruma kichwani?" alikuwa akisema. "Miaka hamsini Ifan amenikoromea, na baruti juu yake. Nimestahili kimya."

Nyuma ya kanisa ilibaki nafasi moja tu, ubavuni mwa Ifan mwenyewe. Ilikuwa katika safu ya William Jones, yule yule wa ng'ombe, aliyeinunua safu nzima kanisa lilipojengwa. Jiwe la kwanza liliandikwa waziwazi kuwa safu ni yake na ya uzao wake milele. Hapo pasingekuwa na ugomvi, ila Emrys Jones Mkate naye aliitaka nafasi hiyo. Emrys alikuwa mzee wa kanisa, mwenye afya ya farasi, lakini alipenda kujiandaa mapema. Katika duka lake la mikate alikuwa ametundika ramani ya dunia, na kila alikosikia kuna Jones alichoma pini. "Hawa wote ni damu yangu," angemwambia mtu aliyekuja kununua mkate wa zabibu tu. Wazee wa kanisa walikaa, wakanywa chai birika tatu, wakaamua: atakayethibitisha kwa maandishi kuwa yeye au mumewe ni wa uzao wa William Jones, huyo apewe. Wakithibitisha wote wawili, itapigwa kura.

Tegwen ndiye aliyekuwa na funguo za kanisa, kwa kuwa ndiye aliyeng'arisha mabenchi. Shule aliiacha mapema amtunze bibi yake, lakini kusoma alijua, na subira alikuwa nayo kuliko wasomi wengi. Kwa wiki tatu, kila alipomaliza kupiga deki, aliketi katika chumba cha nyuma na madaftari ya zamani, kidole kikifuata mstari baada ya mstari.

Mwanzoni alidhani karani alikuwa mlevi. William Jones alikuwepo, sawa, na watoto walikuwepo, tisa, si kumi na wanne. Lakini hakuna hata mmoja aliyeandikwa Jones. Robert Williams. Margaret Williams. Owen Williams. Wote Williams, wa mwanzo hadi wa mwisho.

Ilimchukua siku mbili kukumbuka jambo ambalo kila mzee wa bonde alilijua na hakuna aliyelitilia maanani. Zamani zile jina la pili lilikuwa la baba tu, halikudumu. Mtoto wa John aliitwa Jones, na mtoto wa William aliitwa Williams, hata kama huyo William mwenyewe ni Jones. William wa ng'ombe aliitwa Jones kwa sababu baba yake alikuwa John. Jina hilo likafa naye. Baadaye ndipo wakaja makarani wa serikali, wakataka kila familia ishike jina moja isiliachie, na kila mtu akaganda na lile alilokutwa nalo asubuhi hiyo.

Basi akina Jones wa leo walitoka wapi? Tegwen alifunua tena. Walitoka kwa akina John wengine, na bonde lilikuwa na John kila kona. Walikuwa kama madimbwi baada ya mvua: yanafanana yote, lakini hakuna lililozaa jingine. Ukoo wa babu yake Ifan ulianzia kwa John mmoja mfuma soksi. Wa Emrys ulianzia kwa John aliyezunguka vijijini akihasi nguruwe. Na katika safu ya William Jones tayari walikuwa wamelazwa akina Jones wanne, Ifan akiwa wa nne, juu ya ardhi ya watu wengine, kwa imani safi na nyimbo nzuri.

Alianza kwa Emrys, maana aliona ni haki. Emrys alisoma daftari kwa miwani, kisha bila miwani, kisha akaenda kufunga mlango wa duka.

"Mhasi nguruwe," alisema.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mzee Emrys."

"Inaweza kuwa John mwingine."

"Wameandika na nyumba. Ni ile ile unayokaa."

Emrys aliitazama ramani yake. Pini zilikuwa zimeenea hadi Australia.

"Sikiliza, binti. Nani mwingine ameona?"

"Mimi na wewe."

"Basi tumeona vya kutosha. Lirudishe kabatini. Mimi nitawaambia wazee kwamba nimejitoa kwa ajili ya mjane. Bibi yako atalala kwa mumewe, mimi nitaonekana mtu mwema, na William Jones atabaki alivyo. Nani ameumia?"

Tegwen aliteremka kilima akiwa na mkate wa bure kwapani, akijiuliza swali hilo hilo. Hakuona aliyeumia. Bibi alikuwa amepata alichotaka, na kilichotakiwa ni Tegwen akae kimya tu, kitu alichokimudu kuliko vyote.

Lakini Bibi Hannah alikuwa amemlea mwenyewe, akamsoma uso kabla hajavua koti.

"Umeleta mkate wa Emrys. Emrys hatoi mkate. Sema."

Tegwen alisema yote. Bibi alisikiliza mikono ikiwa juu ya magoti. Kwenye mhasi nguruwe alicheka mpaka Tegwen akamletea maji. Halafu akauliza, "Na hao Williams wa kweli, yupo aliyebaki?"

"Mmoja tu. Guto wa mabata."

Kicheko kilikatika. Guto Williams aliishi juu kabisa ya bonde na mabata bukini arobaini, na hakuwa amekanyaga kanisani maisha yake yote.

"Mtoto wa Lowri," alisema Bibi polepole.

"Ndiye. Hakuwa na baba wa kuandikwa, kwa hiyo alibaki na jina la mama. Moja kwa moja kutoka kwa William. Bibi, Emrys amesema hatasema. Nami sitasema."

"Nami je? Nitalala pale siku ngapi bila kusema?" Bibi alivuta shali. "Wewe hukuwepo. Lowri alipoonekana ana mimba, walimsimamisha mbele ya kanisa baada ya ibada. Mchungaji akasema, wanaotaka atolewe kanisani wainue mikono. Nami nikainua. Sikuwa na ubaya naye, tulichuma matunda pamoja tangu utotoni. Niliinua kwa sababu jirani yangu wa benchi aliinua. Kisha nikaenda nyumbani kupika nyama ya kondoo. Alizikwa mjini, Lowri. Kwao kukiwa na safu nzima, na sisi tumejilaza humo kama wageni wasiojua saa ya kuondoka. Nipe viatu."

"Bibi, moyo wako."

"Huo ndio unaonituma. Nipe viatu."

Jones Barua aliwapandisha kwa gari la posta, akijifanya hasikilizi. Mabata yaliwapokea kwa makelele. Guto, mtu wa miaka hamsini na kitu, alikuwa uani akirekebisha mlango wa banda, misumari mdomoni.

"Mama Baruti," alisema, akiitoa mmoja mmoja. "Umepotea, au kanisa limeungua?"

"Halijaungua. Naona ungefurahi."

"Ningeleta mabata yaote moto."

Hakuwakaribisha ndani, lakini aligeuza ndoo akampa Bibi akae. Tegwen alifungua daftari, akamwonyesha mstari kwa mstari, kutoka William hadi Robert, ambaye makarani walimgandisha na Williams, hadi mwanawe Owen, hadi Lowri. Guto aliangalia jina la mama yake. Pembeni pake palikuwa na mstari wa wino na neno moja: *ametolewa*. Alilitazama hilo kuliko mengine yote.

"Kwa hiyo safu ni yangu," alisema.

"Ni yako," Bibi alijibu. "Ukitaka kumhamishia mama yako pale, ni haki yako, nami nitawaambia wazee hivyo hivyo. Ukitaka Ifan aondolewe, hata hilo ni haki yako. Na mkono wangu ulikuwa juu siku ile, Guto. Nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine."

"Nililisikia nikiwa na miaka sita."

Bata mmoja alikuja akauma upindo wa koti la Bibi. Hakumfukuza. Alishika mkono wa Tegwen akainuka kwenye ndoo, maana aliona jambo hili halisemwi kwa kukaa.

"Basi nakuomba," alisema. "Nafasi ni moja. Nilaze kwa mume wangu."