Mgonjwa Haambiwi

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema tufanyeje pale anayeyaficha ni mkalimani.

Victorine, msusi mhamiaji wa mtaa wa Bellevue, alitolewa uvimbe wa tezi shingoni mwaka 2017. Kiingereza chake kiliishia kwenye bei za rasta, kwa hiyo mdogo wake Benita ndiye aliyekaa kati yake na daktari. Siku ya majibu daktari alieleza kwa kirefu, mikono ikicheza hewani. Benita akamkatia dada yake mkubwa maneno mafupi: "Yaya, ni kansa ile ya kawaida. Wameitoa yote. Tumshukuru Mungu." Victorine alimshukuru Mungu, kisha akamkatia Benita kitenge kipya.

Mwaka uliofuata Benita alibanwa na kazi Midrand, hivyo Murielle, binti wa Victorine, akamsindikiza mama yake kliniki. Huyu Kiswahili hukielewa kuliko anavyokisema, na mama yake mdogo humwita tante. Alitafsiri vizuri tu, mpaka mahali akakwama.

"Mama, anasema ule uvimbe waliupaka dawa ya kutafuta protini. Ile ya kansa ya kawaida haikuonekana. Ilionekana ingine, kalsitonini, alama ya kansa tofauti. Na damu yako ilionyesha ni kansa ya kurithi. Alimwambia tante Benita watoto wote wapimwe." Akameza mate. "Anauliza mbona mimi sikuja. Tante alikuja na Fiona, wakapimwa."

Fiona ni binti wa Benita.

Daktari akamgusa Murielle shingoni, taratibu, kisha vidole vikarudi palepale. Hapo Victorine hakuhitaji mkalimani.

Wiki chache baadaye, Jumapili baada ya ibada, Benita alikuja na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akiimba. Hakujua kwamba majibu ya Murielle yametoka, kalsitonini iko juu, na siku ya upasuaji imeshapangwa.

"Fiona walimpima lini?" Victorine alimuuliza kabla hajaitua sufuria.

Wimbo ukakatika. "Mwaka jana, yaya."

"Na wangu?"

"Ningekuambia aje? Ulikuwa umetoka kukatwa. Kwetu mgonjwa haambiwi, unajua. Nilikuwa nangoja upate nguvu."

"Mwaka mzima?"

Benita akaanza kulia, na machozi yake yalikuwa ya kweli, hilo tusimnyime. Kwao habari mbaya hupitia kwa ndugu, na ndugu ndiye huchagua siku. Hata mama yao alizikwa bila kuambiwa alichougua. Lakini kwa Fiona siku ilipatikana upesi.

"Mgonjwa haambiwi, sawa," Victorine alisema, akiisukuma sufuria irudi kifuani kwa mdogo wake. "Ila Murielle hakuwa mgonjwa, Benita. Mwaka jana mtoto wangu hakuwa mgonjwa."