Mashimo ya Hilaria

Verdiana alikuwa akitwanga mpunga nyuma ya nyumba, binti yake Hilaria akaomba mchi. Akaambiwa mchi ule mzito, asubiri akue. Mtoto akanuna, akakunja mikono, akazama ardhini hadi magotini. Verdiana akamalizia kinu chake kwanza, ndipo akaja kumtoa.

Alikuwa hivyo tangu aanze kutembea. Watoto wengine wakinyimwa kitu hugaragara, Hilaria alishuka. Kwa kunyimwa muwa alifika kiunoni. Siku baba yake alipokwenda mnadani Majimoto bila yeye, alishuka hata asionekane, wakamvuta kwa kamba ya ng'ombe. Shimo lilibaki la mviringo, kuta zimenyooka. Udongo ulikokwenda hakuna aliyeuliza.

Tatizo ni kwamba mashimo yenyewe yalikuwa mazuri mno. Mwaka ule redio ilihimiza kila kaya ichimbe choo, na wakaguzi walikuwa wakipita. Telesphor, mume wa Verdiana, ambaye jembe na yeye hawakupatana tangu ujana, akamwahidi bintiye gauni la Pasaka, kisha akamwambia ameghairi. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa na choo.

Basi majirani nao wakaja na pipi, za kuonyesha tu. Salvatori, mwenyekiti wa kijiji, akapanga zamu ili watu wasigombane. Mtoto wa watu akawa anachokozwa nyumba hadi nyumba, na kijiji kikasifiwa wilayani kwa kujituma.

Verdiana roho ilimuuma. Hilaria alikuwa akitolewa shimoni macho mekundu, na sasa hata akipewa kitu kwa wema alikishika kwa woga, akingoja kunyang'anywa. Alimuuliza mumewe kama haoni haya. Telesphor akasema haya anazo, lakini choo pia anacho.

Ndipo Verdiana akampa mtoto ungo, amfundishe kupepeta. Mchele ulimwagika wote, kuku wakaja mbio, Hilaria akazama hadi vifundoni. Mama hakumwambia nyamaza. Alikaa chini kando yake.

"Umekasirika," alisema. "Ulitaka mchele ubaki kwenye ungo, umemwagika. Kasirika, mwanangu, lakini pumua. Kisha tuokote."

Wakaokota. Kesho yake ukamwagika tena, na keshokutwa. Kuku wa nyumba ile walinenepa hadi wakashindwa kuruka. Lakini mvua zilipokatika, Hilaria aliweza kumwaga ungo mzima, akawatazama kuku, akashusha pumzi kama bibi kizee, akaanza upya nyayo zikiwa juu ya ardhi.

Ofisi ya kijiji ndiyo iliyokuwa bado haina choo, na wageni wa wilaya walikuwa wanakuja kesho. Salvatori akafika na mwanasesere aliyenunuliwa Mpanda mjini. Watu wakasogea, kamba tayari. Wakampeleka Hilaria penye alama ya choo nyuma ya ofisi, akapewa mwanasesere, akaachwa amkumbatie kidogo, kisha akapokonywa.

Mdomo ulimcheza. Verdiana hakupumua. Mtoto ndiye aliyepumua.

"Ndugu mwenyekiti, nimekasirika," alisema Hilaria. "Nilikuwa namtaka, umeninyang'anya."

Akageuka, akaenda kukaa kivulini. Ardhi haikusogea hata kidogo. Verdiana alifurahi hadi akalia, akajifuta kwa kanga bila kumficha mtu.

Salvatori alibaki na mwanasesere mkononi, akitazama jua linavyoshuka. Kisha akamwona Marsela, mdogo wake Hilaria, aliyeanza kutembea juzi, amesimama kando ya mama yake akitafuna kipande cha muwa. Akainama, akamchomolea ule muwa mdomoni.

Marsela akamtazama. Midomo ikavimba. Vidole vyake vya miguu vikatoweka taratibu mchangani.

"Huyu bado mdogo," alisema Telesphor, akikunjua kamba. "Tuanze naye mashimo ya migomba."